Jani la Musutsu na Mkono wa Mama Yako

Nekesa mwanangu,

Umepanda boda kwenda Navakholo kumuaga kukhu, nyanya yako, na najua hutarudi kabla ya giza, kwa sababu yule mama hamwachilii mtu kabla hajamshindilia chakula hadi kooni. Mvua ya saa kumi imeshaanza kupiga mabati. Nimefunga studio mapema, nikamwambia kijana aliyetaka picha ya pasipoti arudi kesho, nikaketi kwenye kile kiti cha wateja mbele ya pazia la bluu. Barua hii nitaichomeka kwenye begi la kamera, chini ya lenzi. Wewe ni mtoto wangu, utafungua begi la kamera kabla ya begi la nguo.

Sitakuandikia habari za baridi ya Kanada. Shangazi yako amekueleza baridi mpaka ukaziba masikio, na soksi alizokununulia zinatosha kijiji kizima. Ya kanisa mchungaji ameyasema. Ya wavulana, kukhu yako anakwambia sasa hivi huku anasonga obusuma, ugali wake. Mimi nataka kukuandikia juu ya Ambani.

Najua umekunja uso. Juzi uliniambia, "Baba, hii vita yako na uncle Ambani si iishe tu. Ni picha, jamani." Halafu ukaniuliza kama unaweza kukaa nyumbani kwake huko Kanada badala ya bweni la chuo, nikasema sawa bila ubishi. Ukanikumbatia, ukidhani uzee umenilainisha. Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu. Nilisema sawa kwa sababu nilitaka siku mbili za kufikiri, na sasa nimemaliza kufikiri.

Amekuomba umbebee kitu kimoja tu. Si kahawa, si majani ya chai, si kuku wa kukaushwa kama wengine wanavyoomba. Anataka picha zangu za infraredi za ule mti wa musutsu, kwa sababu ana maonyesho huko mwezi wa kumi, msimu wao wa majani kubadilika rangi, na waandalizi wamemwambia alete majani kwa sura mbili: ya rangi, na ya infraredi, ubavu kwa ubavu. Ya rangi anayo. Ya infraredi hana na hawezi kuwa nayo, maana mti wenyewe ulikatwa kupanua njia ya trekta za miwa. Mtu pekee duniani mwenye nusu ya pili ni mimi. Ndiyo maana amekuwa mjomba mwema ghafla hivi.

Wewe unajua kwamba aliiba picha zangu. Hilo nimelisema sana hadi limechosha nyumba. Lakini kuna jambo sijakwambia, na siwezi kukuacha upande ndege ukaenda kula mezani kwa mtu huyo bila kulijua. Nitaanza mbali kidogo. Nivumilie.

Mimi na Ambani tulisomea umeme pamoja, tukikaa chumba kimoja pale chuo cha Sigalagala. Tulikuwa na jozi moja ya viatu vya maana, tukiazimana siku za kutafuta kazi. Yeye akapata njia ya kwenda ng'ambo, mimi nikapata mama yako na studio. Sikumwonea wivu. Kila Jumapili alipiga simu, tukacheka mpaka salio likaisha, na mama yako alikuwa akipita nyuma yangu anasema, "Huyo bwana mwambie aoe, atakuachia nafasi upumue."

Kamera yangu ya kwanza ya maana niliiua mwenyewe. Nilikuwa nimesoma kwamba ndani ya kila kamera, mbele ya jicho lake, kuna kioo chembamba kinachozuia ule mwanga tusiouona sisi binadamu. Ukikitoa, ukaweka kingine cha kuzuia mwanga wa kawaida, kamera inaanza kuona infraredi. Nikakaa mezani jikoni na bisibisi. Mama yako akasimama mlangoni na mwiko. "Baba Nekesa, hiyo si ndiyo inatulisha?" Nikamwambia nitairudisha vile ilivyokuwa. Nikasahau kwamba flashi hubaki na umeme hata ukitoa betri. Ulinirusha hadi kwenye ndoo ya maji. Mama yako alicheka hadi akakaa chini, kisha akaniokotea skrubu moja moja sakafuni.

Kamera ilipona, ila haikuona rangi tena. Nikajifanya sijali. Nikaenda nayo harusi moja kule Bukura, nikijiambia picha za nyeusi na nyeupe zina heshima yake. Sikujua kuwa suti nyingi nyeusi za dukani, mbele ya infraredi, haziwi nyeusi. Bwana harusi alitoka amevaa kijivu cha kufifia kama gunia la unga, mashahidi wake kila mmoja na rangi yake, na miti yote nyuma yao myeupe pe. Baba mkwe aliniuliza kama nimewapiga picha baada ya kufa. Nilirudi nyumbani bila hata sahani ya wali.

Lakini majani, Nekesa. Majani ndiyo yaliniteka. Unajua musutsu ulivyo: wakati wote ni wa kijani, ila jani likizeeka haligeuki kahawia kwanza kama la miti mingine. Linawaka rangi ya machungwa, peke yake, katikati ya wenzake wabichi. Kiangazi kikikaza ule mti wa kukhu yako ulikuwa unawaka tawi zima. Watu wa huku hawana habari nao, kwao ni kuni na kivuli. Mimi nikaupiga na kamera yangu ya infraredi, nikafungua picha kwenye laptopu, nikashtuka. Jani bichi jeupe. Jani la machungwa linalokufa, nalo jeupe vilevile. Huwezi kuyatofautisha. Nikajua papo hapo nataka nini: tawi lilelile, mahali palepale, mara mbili. Moja kwa rangi, uone nani anakufa. Moja kwa infraredi, wote wawe sawa. Na kamera ya rangi sikuwa nayo tena.

Ndipo Ambani akaja likizo ya Krismasi, wewe ukiwa darasa la nne. Alikuja na kamera ya rangi ambayo sijawahi kushika nyingine kama hiyo. Nilimweleza wazo langu la majani, akasema ni zuri, akasema nitumie yake. Tukachinja jogoo. Mama yako alipopakua, nilichukua imondo, ile firigisi, kwa mkono wangu mwenyewe nikaiweka kwenye sahani ya Ambani. Wewe umekulia hapa, huhitaji kuelezwa, ila nakukumbusha kwa sababu mnapenda kuviona hivi ni vitu vya wazee. Ile imondo ni ya mwenye nyumba. Ukimpa mgeni, umemwambia kwamba nyumba hii ni yake, na kuanzia hapo huwezi kumdai dhamana wala kumpekua mfuko. Ukimshuku baada ya hapo, wewe ndiye mchawi.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda Navakholo sote. Nilisimamisha stendi ya miguu mitatu chini ya musutsu, nikafunga kamera ya Ambani kwanza, halafu yangu, bila stendi kusogea hata kidogo. Shida ilikuwa upepo. Nikimaliza moja na kubadilisha, tawi limeshahama. Mama yako akaniona ninavyolaani, akavua kandambili, akasimama juu ya kigoda cha kukhu, akanyoosha mkono akalishika tawi kwa chini, kiganja kikitazama kamera. Akaniambia, "Piga basi, mimi si nguzo." Nikapiga ya rangi, nikabadilisha, nikapiga ya infraredi. Tukarudia hivyo hadi umande ulipokauka, na yeye akibadilisha mkono kila ulipochoka. Alichoka haraka siku ile. Nilimwambia asogeze kidole gumba, kinafunika mshipa wa jani.

Nilizibonyeza mimi, Nekesa, zote. Ambani alikuwa amekaa kwenye kivuli anatafuna muwa.

Jioni kadi ya rangi ilikuwa ndani ya kamera yake. Laptopu yangu ilikuwa palepale mezani. Ingenichukua muda wa kikombe cha chai kunakili zile picha. Nikamtazama yule mtu aliyekula imondo kwangu jana yake, nikaona aibu kumwambia, "Hebu toa kadi nichukue zangu." Niliona ni kama kumpekua begi. Akasema, "Nitakutumia zote nikifika," nikamjibu, "Hakuna haraka, ndugu yangu." Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi nikiwa peke yangu ndani ya chumba cha giza. Heshima ilinila mzimamzima.

Hakutuma. Kwanza mtandao ulikuwa mbaya, kisha kompyuta ikaharibika, kisha ana kazi nyingi. Na mimi nikaacha kuuliza, kwa sababu baada ya Pasaka mama yako alilala kitandani na hakuamka vizuri tena. Tulikuwa tumesema malaria. Yeye mwenyewe alisema malaria, ana mahindi ya kupalilia, tusimsumbue. Tulipomfikisha hospitali, daktari alimfunua jicho kidogo tu, akanitazama mimi. Akasema ini. Akasema, "Mngekuja mapema." Tukamzika mahindi yakiwa bado mabichi, na wewe ulikataa kuvua sare ya shule siku nzima. Ambani alipiga simu akalia. Nilimfariji mimi. Hebu fikiria hilo.

Kalenda niliikuta baadaye, duka la dada yake pale Bukura, nilipokwenda kununua mbegu. Imetoka Kanada, ina picha nzuri nzuri, na ukurasa wa mwezi wa kumi ni tawi langu la musutsu. Jani lililo katikati lina tundu mbili za kiwavi karibu na kikonyo. Nililijua kama ninavyojua kovu la goti lako. Chini wameandika jina la Ambani na maneno kwamba hayo ni majani ya msimu wa kule. Musutsu wa kukhu yako umepewa uraia. Nikacheka kwanza, nakuambia kweli, nilicheka pale dukani mpaka dada yake akaniuliza kama niko sawa. Halafu nikaangalia kona ya chini ambapo mkono wa mama yako ulipaswa kuwa. Hakuna mkono. Amekata.

Hayo unayajua. Kalenda uliiona ukutani mwangu, na ulinisikia nikimtukana Ambani kwenye simu, naye akajitetea kwamba waliochapisha ndio walikosea maelezo, na kwamba kamera ilikuwa yake. Ukanishauri nimshtaki. Kisha ukakua, ukachoka na hadithi hiyo, na sikulaumu.

Lakini unakumbuka Desemba iliyopita alipokuja? Unakumbuka nilichinja kuku, ukafurahi ukidhani tumepatana, na ulipopakua ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, imondo iko wapi?" Nikakwambia imeanguka, paka amebeba. Hakuna paka aliyebeba. Niliitafuna mimi mwenyewe jikoni, bado ya moto, ikaniunguza ulimi, na sijawahi kula nyama tamu kama ile. Ambani nilimwekea shingo. Mtu mzima, mgeni wa mbali, shingo. Aliitazama ile sahani na akaelewa, maana Kanada haimfundishi mtu kusahau mambo ya kuku. Nilikaa mbele yake nikitabasamu kama shemasi.

Nilidhani hicho ndicho kisasi changu na kimetosha. Nilikuwa tayari kumwachia, nakuapia. Wewe ukatoka kwenda kuleta maji ya kunawa. Nadhani ile shingo ilimtia wasiwasi, akataka kusema kitu cha kunipoza, akaanza kuisifu picha. Akasema, "Ile ya musutsu, ndugu yangu, ni bora kuliko zote nilizowahi kuonyesha. Ila mkono tu. Ilibidi niukate. Ulikuwa wa manjano, unashindana na majani. Nilijaribu kurekebisha rangi kwenye kompyuta, ikakataa."

Nikamuuliza, "Manjano vipi?"

"Manjano kabisa. Kiganja chote. Kama mtu aliye na..." Akaangalia sahani.

Nikamuuliza aliuona lini. Akasema, polepole, kwamba aliuona alipofungua picha tu. Wiki ileile aliyorudi Kanada.

Wewe ukaingia na birika na beseni, ukamnawisha, akakuuliza habari za masomo. Mimi nilimmiminia chai.

Sasa hesabu mwenyewe, mimi sitakuhesabia. Aliyaona manjano yale ya ini Januari, kwenye kioo kikubwa cha kompyuta, akiyavuta karibu, akihangaika nayo, kwa sababu yalimharibia majani. Tulikuwa tunaongea kila Jumapili. Mama yako alikuwa anapita nyuma yangu anamtania kwenye simu. Alimsikia sauti. Hakusema, "Ndugu yangu, mtazame mkeo mikono." Alichukua mkasi wa kompyuta akamkata mama yako, akabaki na jani.

Usidhani nimejisahau. Mimi nililala kando ya mkono ule. Taa yetu ilikuwa ile balbu ya manjano inayofanya kila kitu kiwe cha manjano, na alfajiri nilikuwa natoka na kamera kwenda kuwinda majani yanayobadilika rangi. Nilimwambia asogeze kidole gumba. Nilikiangalia kidole kile kwa jicho la kazi, nikaona kinafunika mshipa wa jani. Hilo ni langu na nitazikwa nalo. Lakini halimpunguzii Ambani hata chembe, kwa maana mimi nilikuwa kipofu na yeye aliona.

Nusu niliyobaki nayo ni ya infraredi. Umeiona wapi? Hujaiona, nimeificha. Humo mkono wa mama yako ni mweupe kama maziwa, laini, mishipa imejichora taratibu chini ya ngozi, na kuzunguka kiganja majani mabichi na yale yanayokufa yote ni meupe. Hakuna ugonjwa humo. Infraredi haimsengenyi mtu, inamsamehe kila mmoja. Nimekaa miaka na picha inayoniambia kwamba mke wangu ni mzima. Nikiitazama sana naanza kuiamini, halafu namtukana mtu wa kwanza anayeingia studio. Wateja wangu wamevumilia mengi.

Ninachokitaka ni ile ya rangi, isiyokatwa. Siitaki ya kutundika. Nataka kuketi nayo, niuone mkono ule ulivyokuwa kweli asubuhi ile, nijue kama ulikuwa wa manjano ya kuonekana na mtu yeyote mwenye macho au ya kuonekana na kompyuta tu. Mchungaji ananiambia niache, kwamba kujua hakutamrudisha. Nilimwambia nasamehe nikishaona. Kama Ambani ameifuta, basi sitaona kamwe, na ndilo jambo linaloninyima usingizi kuliko jina langu kwenye kalenda.

Kwa hiyo sikiliza. Hutakaa kwake. Kile chumba cha bweni ulichotaka kukikataa, nilimwandikia yule mama wa ofisini kwenye chuo chako nikamwambia unakichukua, akajibu kwa heshima. Nuna ukitaka, una safari ndefu ya kununia. Chakula cha Ambani utakula akikualika, wewe ni mtoto mwenye adabu, ila usilale pale.

Picha za infraredi utampelekea. Kadi iko kwenye mfuko wa pembeni. Nimeweka moja tu. Zingine zote hazipo humo, na akikuuliza mwambie ukweli, kwamba baba amezuia. Ile moja nimeiprinti kubwa pia, kwenye karatasi nzuri, nimeiviringisha ndani ya lile bomba la plastiki lililo mlangoni ambalo ulidhani ni la fundi wa maji. Usimwonyeshe kabla. Ile ya kadi ataikata mkono, hii asiiguse.

Siku ya maonyesho, watu wakishajaa, wakishika glasi zao, nenda pale ilipo picha yake ya rangi. Itakuwa kubwa, na jina lake chini. Tundika hii kando yake. Hutahitaji kusema sana, macho yao yatafanya kazi. Tawi lilelile, tundu mbili zilezile za kiwavi, na upande mmoja kuna mkono umeshika, upande wa pili hakuna kitu kinacholishika. Watauliza huo ni mkono wa nani. Hapo ndipo utajibu, kwa Kiingereza chako kizuri nilichokisomesha kwa picha za pasipoti: huu ni wa mama yangu, na mti huu ulikuwa Navakholo, Kakamega. Kisha mgeukie yeye mbele yao wote, umuulize sehemu iliyobaki ya ile ya rangi iko wapi. Usimtukane. Matusi niachie mimi. Mwite uncle, kama kawaida yako. Hilo litamuuma zaidi.

Unaweza kukataa. Najua sasa hivi umeshaanza kufikiri baba amekugeuza panga. Labda ni kweli. Nilijaribu kuandika barua nyingine, yenye ushauri wa maana, kwamba chuki humla anayeifuga, na mambo kama hayo ambayo watu huandikiana. Sikufika nayo mbali. Mimi ninayeandika ni yuleyule uliyemjua, anakupenda kupita kiasi na ana donge rohoni, na sitaki uondoke na baba wa kuazima.

Jambo moja la kazi, kisha nikuache. Utauona msimu wao. Msitu mzima utawaka, si tawi moja kama letu, na nitakuonea wivu hadi nife. Utapiga kwa infraredi na kila mtu atakusifu kwa uzuri wake, ule weupe kama barafu isiyo na baridi. Ipige, ni nzuri, nami ndiye niliyekufundisha. Ila kila mara, kabla hujasogeza stendi, piga na ya rangi. Na usimkate aliyekushikia tawi, hata akiharibu picha. Mwangalie kwanza anaharibu kwa nini.

Akikupa ile ya rangi, mkono ukiwemo, nitumie siku hiyohiyo, hata kama huku ni usiku. Akisema alifuta, msikilize namna anavyosema, kisha uniambie kila neno. Na huenda akalia pale mbele ya watu. Alilia kwenye simu tulipomzika, analia kwa urahisi. Usimpe kitambaa, Nekesa, wala usimshike bega. Inua kamera umpige. Usitumie infraredi, humo macho mekundu hayaonekani. Ya rangi.

Baba yako